Mpima woga wa samaki

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamume mmoja amelala kifudifudi juu ya maji na hatikisi hata kidole. Fulana yake nyeupe imetuna mgongoni. Miwani yake ya kuzamia imepasuka pembeni na kuzibwa kwa gundi. Mkononi hana mkuki, hana bunduki ya mshale, hana hata fimbo. Kiunoni amefunga mfuko wa turubai, na ndani ya mfuko mna vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi, vile ambavyo wavuvi huviita chubwi.

Chini yake, pono wa kijani anaguguna mwamba. Mwanamume anavuta pumzi, anazama, anamwendea taratibu, miguu ikisukuma maji kama ya mtu anayenyata kupita mlango wa mama mkwe. Pono anakula. Anaendelea kula. Halafu anageuza jicho, anapiga mkia, huyo.

Papo hapo mwanamume anaachia chubwi moja. Anaogelea hadi pale pono alipokuwa anakula, anaachia ya pili. Anapanda juu kuvuta hewa, anashuka tena na kamba yenye mafundo, anapima kutoka chubwi hadi chubwi.

"Mita tatu na nusu," anasema akiwa ameshika ukingo wa mtumbwi. "Andika, shemeji. Siku ya arobaini na moja."

Shemeji, kaka wa mkewe, ameketi ndani ya mtumbwi na daftari la shule lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Anaandika pole pole, ulimi nje.

"Siku ya kwanza walikuwa wananikimbia mita nane," anaendelea yule wa majini. "Sasa wanaanza kunizoea. Zimebaki siku kumi na tisa."

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Pwani yote inamwita Chubwi. Ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na minne kati ya hiyo aliitumia kulenga samaki kwa bunduki ya mbao na mpira wa tairi. Leo anapima umbali ambao samaki anaona ni salama kati yake na binadamu. Kazi hiyo haina cheo katika ofisi yoyote, wala hakuna anayemlipa. Ila ikifika siku ya sitini na samaki hawajatulia, kaya sitini na tatu zitapoteza mwamba wao wa mwisho.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi nyuma miaka kumi na miwili. Wenye ofisi ya hifadhi ya bahari wangependa tusirudi. Tutarudi.

Walikuja na viti vya plastiki na kipaza sauti. Wakasema mwamba wa ndani, ule ulio karibu na ulio bora kuliko yote, utazungushiwa maboya ya njano na hakuna mtu atakayevua humo. Wavuvi wakaombwa uvumilivu wa miaka mitano. Samaki wakijaa mle ndani, waliambiwa, watamwagika nje kama maji ya pipa lililojaa, na kila mtu atavua hadi achoke. Kila aliyehudhuria akapewa kofia ya bluu.

Kofia zilichanika kabla ya mvua za pili. Chumba cha barafu kilichoahidiwa siku hiyo hakijajengwa mpaka leo, isipokuwa msingi wake, ambao mbuzi wanaupenda sana.

Lakini haki isemwe hata ikiuma. Ndani ya maboya samaki waliongezeka kweli. Chewa walinenepa. Pono wakatembea makundi makundi kama wanafunzi waliotoka shule. "Mle ndani," anasema Chubwi, "samaki anakuja kukukagua kama askari wa getini. Anakutazama usoni. Unaona aibu wewe."

Tatizo lilikuwa nje. Mikuki yote iliyokuwa ikitumika kwenye miamba miwili ilihamia kwenye mmoja, mwamba wa nje, ambao ni wa mwisho kufikika kwa mtumbwi wa kasia. Chubwi, aliyekuwa akirudi na kilo nane kwa siku, akaanza kurudi na kilo mbili. Siku nyingine alirudi na miwani yake tu.

Ndipo alipokubali kibarua cha hifadhi. Siku saba kwa mwaka, wataalamu walikuja kuhesabu samaki pande zote mbili za maboya, na walihitaji mtu anayejua kuzama. Walivaa mitungi ya hewa, wakanyoosha tepu ya mita hamsini juu ya mwamba, wakahesabu kila samaki waliyemwona kando yake. Kazi ya Chubwi ilikuwa kutangulia na fimbo ya alumini yenye urefu wa mita moja, ya kukisia ukubwa wa samaki.

Miaka mitatu mfululizo jibu lilikuwa lile lile. Kwa kila samaki kumi ndani, nje alionekana mmoja.

Mwaka jana barua ikabandikwa kwenye mlango wa soko la samaki. Ilisema mwamba wa nje umekwisha, na kwa faida ya wavuvi wenyewe nao utafungwa. Maboya mapya yalikuwa yameshanunuliwa. Yapo hadi sasa nyuma ya ofisi, yamepangwa ukutani, rangi haijashika hata vumbi.

Mke wa Chubwi, fundi cherehani ambaye hajawahi kuzama hata kwenye beseni, alisoma barua ile akauliza swali ambalo wenye shahada hawakuwa wamejiuliza. "Kama hakuna samaki, wanatufungia nini?"

Jibu lilipatikana kwenye kompyuta.

Kati ya wale wataalamu alikuwemo mtafiti mmoja kijana, mwanamke, ambaye wavuvi humwita Dokta. Yeye alikuwa amebandika kamera ndogo kwenye miwani yake, na siku moja akamwita Chubwi ofisini amsaidie kutambua samaki waliopita haraka mno. Wakaketi chumba cha nyuma, feni ikipiga kelele, wakatazama picha za mwamba wa nje.

Chubwi hakuona samaki. Alijiona yeye.

Alikuwa mbele ya kamera, amenyoosha mkono, fimbo imelala juu ya kigasha, kiwiko kimekazwa, na kidole cha shahada kimekunjwa mahali ambapo kwenye bunduki pana kifyatulio. Mbele yake, mbali kabisa, vivuli vilikuwa vikiingia mashimoni kimoja baada ya kingine. Akaomba picha irudishwe. Ikarudishwa. Akaomba tena.

"Nilijiona kama mwizi aliyepigwa picha," anasema. "Miaka ishirini na minne nimeshika bunduki hivyo. Waliponipa fimbo, mkono haukuuliza. Na samaki naye hakuuliza. Samaki wa nje anajua umbo la bunduki kuliko fundi aliyeichonga. Anajua mshale wangu unafika mita tatu, kwa hiyo ananipa mita nane: tatu za mshale, na tano za zawadi ya mtu asiyeaminika."

Kisha Dokta akafungua picha za ndani ya maboya. Chubwi yule yule, fimbo ile ile, kidole kile kile. Pono na changu walikuja kuizunguka fimbo na kuidonoa.

Hilo ndilo kosa lililokaribia kula mwamba mzima. Watu walihesabu samaki wa pande mbili kana kwamba wana moyo mmoja. Samaki asiyewahi kuwindwa alibaki ahesabiwe. Aliyewindwa maisha yake yote alijificha, akaandikwa kuwa hayupo. Kukiwa na mapovu ya mitungi, tepu inayovutwa, na mvuvi wa zamani anayelenga bila kujua analenga, kungekuwa na miujiza gani samaki wa nje abaki kusubiri?

"Miaka mitatu nawafukuza kwa mkono wangu," Chubwi anasema, "halafu nikirudi nawaambia wenzangu hawapo. Hiyo siwezi kumsingizia mkuu wa hifadhi. Hiyo ni yangu."

Wavuvi walipoisikia habari hiyo walifurahi kupita kiasi. Wakataka aende mbele ya wakubwa akaseme samaki wamejaa tele na hesabu yote ni uongo. Alikataa, na wapo ambao hawakumsalimia wiki nzima. Samaki hawakujaa. Wamepungua kuliko zamani, na sababu mojawapo ni wavuvi wenyewe.

Anaeleza kama mtu aliyekesha na jambo. Wanaothubutu huliwa kwanza, anasema, kwa hiyo aliyebaki nje ni mtoto wa mwoga na mjukuu wa mwoga. Yule anayetoka ndani ya maboya huja akiwa mgeni, hajui kuogopa, na anapigwa pale pale mpakani kabla hajajifunza. Ile ahadi ya pipa kumwagika haikuwa uongo wote. Ila kila tone lilidakwa hewani.

Na kuna jambo lililomuuma zaidi. Samaki anayechungulia nyuma kila mara hali vizuri. Pono ndiye mfagizi wa mwamba. Asipokula, majani yanaota juu ya matumbawe na kuyaziba. "Mshale unaua hata mwamba usioulenga," anasema Chubwi. "Sisi tulifikiri tunavua samaki. Kumbe tulikuwa tunawaachisha kazi."

Kwenye mkutano wa wavuvi na ofisi alisimama akasema yote hayo, ya ofisi na ya wenzake, akakasirisha pande zote mbili kwa hotuba moja. Mkuu wa hifadhi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole kama mzee ana cheti cha elimu ya bahari.

Chubwi alimjibu kwamba cheti chake amekila, na kabla ya kukila alikikaanga.

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Lakini kicheko hakifungui mwamba. Kilichobadilisha mambo ni Dokta kusimama, mwajiriwa wa ofisi hiyo hiyo, na kusema mbele ya bosi wake kwamba mzee yuko sahihi, kwamba hesabu ile ina kasoro na jina lake mwenyewe liko chini ya ripoti. Watu wa namna hiyo ni wachache. Wakumbukwe.

Wakakubaliana masharti. Siku sitini bila mshale mmoja kufyatuliwa mwamba wa nje. Mishipi na mitego ya madema iendelee. Siku ya sitini na moja hesabu irudiwe kwa njia ya Chubwi: bila fimbo, bila mitungi, na kila mhesabuji akae kimya juu ya maji dakika ishirini kabla ya kuandika. Wakipatikana samaki wanne nje kwa kila kumi wa ndani, mwamba unabaki mikononi mwa wavuvi. Wakipungua hao, maboya yanatoka ukutani.

Kazi ngumu haikuwa kuishawishi ofisi. Ilikuwa kukusanya bunduki.

Zilikusanywa thelathini na tisa, zikawekwa chini ya kitanda cha Chubwi na mkewe. Mke ndiye mtunzaji. Kila bunduki ameifunga ukanda wa kitambaa kutoka kwenye masalia ya cherehani, na kila mwenyewe ana kitambaa chake: huyu maua, huyu mistari, huyu kipande cha sare ya shule. Amekataa kuandika majina. Anasema karatasi hupotea, ila mwanamume hasahau kitambaa alichopewa na mwanamke.

"Nimeolewa nikalala juu ya godoro," anasema akivuta uzi kwa meno. "Sasa nalala juu ya ghala la silaha. Na huyu anakoroma, usiku nasema leo moja itafyatuka."

Mambo yalikwenda vizuri hadi siku ya ishirini na tatu. Chubwi alikuwa amefika mita nne na nusu. Alikuwa ameanza kuwatambua samaki mmoja mmoja, hasa pono mkubwa aliyekatika ncha ya juu ya mkia, aliyekuwa na shimo lake chini ya jiwe bapa na halihami. Alimpa jina la Mpangaji. Mpangaji ndiye alikuwa wa mwisho kukimbia kila siku, na wengine walimtazama yeye kabla ya kuamua.

Asubuhi ya siku ya ishirini na nne alizama, na samaki wote wakatoweka akiwa bado mita tisa. Mpangaji hakuwepo kabisa. Hakuna aliyemwambia kilichotokea. Hakuhitaji kuambiwa.

Jioni yake alipita nyumba kwa nyumba, akisalimia tu, akinusa. Nyumbani kwa shemeji yake, ambaye watu humwita Kipanga kwa kasi yake ya kulenga, alikaribishwa kwa heshima zote. Kipanga alikuwa amekabidhi bunduki yake siku ya kwanza mbele za watu, na kitambaa chake kilikuwa cha zambarau. Wakaongea habari za afya, za watoto, za paa linalovuja. Mke wa Kipanga, ambaye hakujua lolote, akaleta sahani.

Kwenye sahani kulikuwa na nusu ya nyuma ya pono. Mkia ulikuwa umekatika ncha ya juu.

Chubwi aliutazama. Kisha akausukuma kidogo kwa kidole, kama mtu anayefunika maiti.

"Shemeji," akasema, "umenipikia shahidi wangu."

Kipanga alijitetea. Alisema ni mmoja tu. Alisema wageni walikuja ghafla. Alisema bunduki ya pili ilikuwa ya zamani, aliisahau darini, na alikwenda kuijaribu tu kama bado inafyatua. Kila sababu ilikuwa nzuri na zote kwa pamoja hazikujaza kijiko. Chubwi hakugombana. Alimwambia tu kwamba kesho saa moja na nusu waende wote majini, mikono mitupu.

Kipanga hasemi mengi kuhusu asubuhi hiyo. Alizama mara sita. Mwamba aliouvua tangu ujana wake ulikuwa kama mtaa uliopitiwa na askari: milango imefungwa, hakuna mtu nje. Halafu Chubwi akamwonyesha kwa kidole, ndani ya ufa mmoja, macho. Macho mengi, yamepangana gizani, yanamtazama yeye.

"Mimi miaka yote nasema wamekwisha," anasema Kipanga, bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Kumbe walikuwa wananiangalia."

Siku hiyo hiyo alipeleka bunduki ya pili kwa dada yake.  Dada alitafuta kitambaa cha zambarau, akafunga, akaisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Siku mbili Kipanga alipofika hapo hakupewa hata maji. Ya tatu alipewa chai, bila sukari. Na tangu hapo ndiye karani wa mtumbwi, na ndiye pia anayelinda mpakani, na wanaomjua wanasema hakuna mlinzi mkali kama mwizi aliyetubu.

Iliwachukua siku kumi na moja kurudi kwenye mita nne na nusu walizokuwa nazo. Siku kumi na moja za woga, kwa mshale mmoja. Chubwi anaitaja hesabu hiyo kila anapokutana na wavuvi, na kila anapokutana na ofisi pia. Wavuvi anawauliza kilo moja ile ililipa nini. Ofisi anaiuliza, kama mshale mmoja unaharibu siku kumi na moja, miaka mitatu ya kuhesabu huku fimbo imenyooshwa iliharibu hesabu ngapi, na nani ataomba radhi.

Bado hajajibiwa. Mkuu wa hifadhi amesema suala hilo litafikiriwa. Lile la chumba cha barafu nalo linafikiriwa, mwaka wa kumi na mbili sasa.

Saa tatu kasoro Chubwi anazama mara ya mwisho kwa leo. Anarudi, anapanda mtumbwini, anajifuta uso. Kipanga anasubiri, kalamu juu. Chini ya lile jiwe bapa, Chubwi anasema hatimaye, kuna pono mwingine. Mdogo. Ameingia kwenye shimo la Mpangaji.

"Mita ngapi?"

"Huyo usimwandike bado. Muache ahamie kwanza."

Anachotaka, anasema wakipiga kasia kurudi, si maboya kuondolewa. Ya ndani yabaki. Anayeyapinga hajawahi kutazamwa usoni na chewa. Anataka mwamba wa nje ugawanywe mara mbili, upande mmoja upumzike mshale huku mwingine ukivuliwa, kisha wabadilishane, na samaki anayetoka mpakani apewe nafasi ya kufika mahali. Na kwenye fomu ya ofisi, ile yenye safu ya aina na safu ya idadi na safu ya ukubwa, iongezwe safu moja: samaki alikimbia akiwa umbali gani. "Wakiandika hiyo," anasema, "hawatamzika tena aliye hai."

Na kama siku ya sitini na moja watapatikana watatu badala ya wanne?

Anaacha kupiga kasia kidogo. Anasema ataomba siku sitini nyingine, na wakimnyima, atakwenda kuketi juu ya yale maboya nyuma ya ofisi, na aje wa kumbeba. Anaanza kupiga kasia tena. Hatamki hayo kwa hasira. Anayatamka kama mtu anayetaja ratiba.

Nyumbani, mkewe ameshatandika kitanda juu ya zile bunduki thelathini na tisa na moja ya nyongeza. Yeye ana mpango wake, na hajaomba ruhusa ya ofisi wala ya mume. Hata mwamba ukibaki, bunduki hazitatoka zote siku moja. Kila mtu atakuja mlangoni, ataje kitambaa chake, na atajibu swali moja.

"Nitamuuliza, huko kwenye mwamba, leo samaki anakimbia mita ngapi," anasema, mguu ukianza kukanyaga cherehani. "Asiyejua, arudi akaangalie."